Gazeti darasani: namna ya kuwafanya wanafunzi walisome na walijadili, hata likifika Amu jioni

Walimu wenzangu wa Amu (Lamu), Faza, Mokowe, Witu mpaka huko Malindi, hii naiandika kwa ajili yenu, na mzazi yeyote mwenye kijana wa sekondari nyumbani pia asome. Kila tukikutana walimu lazima mmoja aseme watoto wa siku hizi hawasomi, wako kwa simu tu, na mimi hapo siafiki kabisa. Watoto wanasoma kutwa kucha, wanasoma meseji, wanasoma stetasi za wenzao, wanasoma habari za mpira mpaka usiku wa manane. Tatizo ni vile sisi tunavyowapa gazeti. Mtoto anaambiwa fungua ukurasa wa nne, toa maneno kumi magumu, tafuta maana kwenye kamusi, kesho nione daftari. Sasa hapo nani atalipenda?

Gazeti ni mtu anadai kitu fulani kimetokea. Kazi ya msomaji ni kujua nani kasema, kajuaje, na nani hakuulizwa. Maswali matatu tu. Mtoto akiyashika hayo msamiati utamjia wenyewe, manake ataka mwenyewe kuelewa ule mstari ili ambishie mwenzake. Hatua zote hapa chini zinatoka kwenye maswali hayo, na nimezipanga kwa skuli zetu za huku, zile hazina pesa ya kununua magazeti ishirini kila asubuhi.

Hatua ya kwanza: pata gazeti, na usingoje la leo

Magazeti makubwa yanachapishwa Nairobi usiku. Mpaka yapande ndege au basi, yafike Manda au Mokowe, alafu yavushwe na boti, asubuhi yote ishakwisha, siku zingine ni jioni, na siku zingine kusi ikivuma sana au maji ya Tana yakifunika barabara hayaji kabisa. Walimu wengi wanaishia hapo, wanasema gazeti la kila siku ni jambo la watu wa mjini mkubwa. Mimi nasema gazeti la jana ndo zuri zaidi kwa darasa. Habari yenyewe watoto washaiskia kwenye redio, washaiona kwenye makundi ya WhatsApp, wameiskia pale Mkunguni wazee wakiizungumza, kwa hivo mtoto anakuja darasani ana toleo lake kichwani, na sasa anaweka toleo lake kando ya lile lililochapishwa aone wapi yanakubaliana na wapi yanaachana. Gazeti la asubuhi ile ile haliwezi kukupa hiyo nafasi.

Kwa hivo panga hivi. Nunua moja tu, la Jumanne tuseme, ulitumie Jumatano. Walimu wa Kiswahili, Historia, Jiografia na Biashara mkichanga, kila mtu anatoa kidogo sana kwa wiki. Kama hata hiyo ni shida, nenda ofisi au hoteli yoyote inayonunua magazeti kila siku, ongea na mhusika vizuri akuwekee ya jana badala ya kuyatupa. Wengi wanakubali ukienda kwa adabu na barua ya skuli mkononi.

Alafu kuna duka. Mnajua magazeti ya zamani yanauzwa kwa kilo ya kufungia, mkate wa mofa na bajia zote tunakula kutoka huko. Kabla hayajafika kwa bajia, muombe mwenye duka uchague. Kilo moja inakupa magazeti mengi ya tarehe tofauti tofauti na hiyo kwangu ni hazina, nitaeleza kwenye hatua ya nne kwa nini.

Gazeti gani? Mimi naanza na Taifa Leo sababu mtoto asikwame kwenye lugha kabla hajafika kwenye jambo. Baada ya wiki kadhaa ongeza moja la Kiingereza, Daily Nation au Standard, la tarehe ile ile, watoto waone habari moja imewekwa ukurasa wa kwanza huku na kule imefichwa ukurasa wa ishirini. Lile la kwenye simu mwalimu unaweza kulitumia kujitayarisha, lakini darasani leta karatasi. Skuli nyingi wanafunzi hawaruhusiwi simu, na hata wangeruhusiwa, kwenye simu kila habari ina ukubwa mmoja, huoni nani kapewa nusu ukurasa na picha na nani kapewa mistari mitatu kwenye pembe.

Hatua ya pili: ligawe kwa karatasi, usilikate

Hapa watu wanaharibu. Mwalimu anachukua wembe anakata habari moja, nyuma yake kuna habari nyingine imekatika katikati, mwisho wa siku ana vipande vya kufungia karanga. Angalia gazeti lilivyotengenezwa. Hizi karatasi kubwa zimekunjwa mara moja na kuingizwa moja ndani ya nyingine, kwa hivo kila karatasi ina kurasa nne. Gazeti la kurasa 32 ni karatasi 8. Ya nje kabisa ina ukurasa wa 1, 2, 31 na 32. Inayofuata ina 3, 4, 29 na 30. Ya katikati ina 15, 16, 17 na 18. Ukizichomoa una makundi manane, na darasa la watoto 48 ni sita sita kila kundi. Gazeti moja tu limetosha darasa zima!

(Mwalimu wa Hesabu akipita mwambie awaulize watoto kwa nini kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi ukizijumlisha unapata 33 kila mara. Watakaa na hilo mpaka kengele ilie.)

Sasa tayarisha moyo, manake karatasi ya nje ina habari kubwa ya siku upande mmoja na mpira upande wa pili. Kila kundi litaitaka hiyo. Weka zamu tangu siku ya kwanza, iandike ubaoni, kundi la kwanza wiki hii, la pili wiki ijayo, na usiruhusu mtu kubembeleza. Kundi lililopata matangazo ya zabuni na tanzia lisione limeonewa. Kwa kweli tangazo la zabuni lina mambo mengi kuliko hotuba ya mwanasiasa. Linasema serikali ya kaunti inataka kununua nini na mwisho wa kuomba ni lini, na mtoto wa kidato cha tatu akiona hivo kwa mara ya kwanza anakuja kukuuliza wewe kama skuli yao ile madawati yalinunuliwa vipi.

Habari ikianzia ukurasa mmoja na kuendelea ukurasa ulio na kundi jingine, waache watume mjumbe akasome kule na kurudi kuwaeleza wenzake. Hiyo nayo ni kusoma, na saa zingine ndo kusoma kwenyewe.

Hatua ya tatu: nyamaza dakika tano

Wakishapata karatasi zao usiulize swali lolote. Usiseme leo tutajifunza. Waache wafungue, wacheke na katuni, wasome mpira, waangalie picha. Zikiisha dakika tano uliza kundi moja moja, nini kimewasimamisha? Wakisema ni picha ya ajali ya boti, anzia hapo. Wakisema ni bei ya mafuta, anzia hapo.

Hatua ya nne: maswali matatu, na hapa ndo ukae sana

Ntaonyesha kwa habari ambayo kila mtoto wa kisiwa hiki anaijua angalau kwa kuskia. Bandari mpya pale Kililana. Wavuvi na watu wengine wa Lamu walienda mahakamani 2012 wakisema ujenzi unaharibu bahari na maisha yao. Mwishoni mwa Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni. Chukua sentensi moja tu uiandike ubaoni: wavuvi 4,600 wa Lamu kulipwa Sh1.76 bilioni. Alafu maswali.

Nani kasema? Watoto watajibu haraka, gazeti. Rudisha swali. Gazeti limeandika, lakini nani kasema? Mmoja ataona: mahakama. Sasa muulize, na kama angesema mgombea jukwaani tungeichukua sawa? Hapo utaona darasa linaanza kupanga watu kwa uzito wa maneno yao, jaji kwa hukumu, waziri kwa ahadi, jirani kwa alichoona kwa macho yake, na yule asiyetaka jina lake litajwe naye ana uzito wake lakini tumuweke kando kwanza.

Kajuaje? Hii ndo swali linalowasumbua na ndo lenye faida. Waambie watafute kwenye habari yenyewe, ripota alikuwepo kortini, alisoma hukumu, au aliambiwa kwa simu na wakili wa upande mmoja? Maneno kama alisema, alidai, inasemekana, kwa mujibu wa, waambie wayapigie mstari kwa penseli. Habari ikiwa na inasemekana tatu na hakuna mtu hata mmoja mwenye jina, darasa lenyewe litakwambia hii bado, mwalimu.

Kabla ya swali la tatu, wape hesabu. Gawanya 1,760,000,000 kwa 4,600. Inakuja kama Sh382,600 kwa kila mvuvi. Nakwambia darasa linanyamaza. Ile bilioni iliyokuwa inatamkwa tu hewani sasa imekuwa pesa ya baba yake mtu, na lazima yuko mtoto ambaye babake au mjomba wake ni mvuvi, huyo ndo mwalimu wa siku hiyo. Atawaambia mashine ya boti ni bei gani, nyavu ni bei gani, mafuta ya kwenda mbali zaidi kwa sababu pale karibu pamechimbwa ni lita ngapi kwa safari. Wenzake watapima wenyewe kama ile pesa inatosha au haitoshi. Wewe usiseme kitu.

Nani hakuulizwa? Sasa darasa limechangamka. Watasema wakina mama wanaonunua samaki ufuoni wakakaange wauze. Watasema mafundi wa majahazi wa Matondoni. Watasema wenye kukata mikoko. Watasema na sisi vijana ambao tungetaka kuvua baadae. Kila jina wakilitaja liandike ubaoni, na hapo umepata kazi ya nyumbani isiyokopika, kila mmoja akamuulize mtu mmoja kati ya hao ambaye gazeti halikumuuliza, arudi na maneno yake matatu au manne na jina lake kama amekubali kutajwa.

Na hapa ndo yale magazeti ya kilo yanaingia. Hukumu ni siku moja na malipo ni siku nyingine. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021 na bado wavuvi walikuwa wanafuatilia malipo yao, mazungumzo yakaenda miaka, ikafika kukubaliana sehemu ilipwe kwa pesa taslimu na sehemu kwa vifaa vya uvuvi. Mtoto aliyesoma gazeti la 2018 peke yake atadhani mambo yaliisha. Kwa hivo weka boksi darasani, tia ndani karatasi za habari za Lamu kwa mpangilio wa tarehe, na kila habari kubwa ikitoka mtu mmoja anapewa kazi ya kuchimbua boksi aone miaka mitatu iliyopita walisema nini kuhusu jambo hili hili. Lifunike vizuri, unyevu wa hapa unakula karatasi na mchwa nao hawachelewi.

Hatua ya tano: mjadala

Watoto wa Amu mjadala wanaujua. Wamekua wanapita mbele ya baraza, wanaskia wazee wanavyobishana siasa na mpira kuanzia alasiri mpaka maghribi, kila mtu anaachiwa amalize, mzee akikohoa watu wanatulia. Mjadala wa darasani uufanye kama baraza, na mabenchi yapange yatazamane, hakuna wa mbele na wa nyuma. Lakini kuna jambo moja la barazani usilete darasani. Kule wasichana hawakai. Wanapita. Kwa hivo darasani lazima uwape nafasi wewe mwenyewe kwa makusudi, mwenyekiti wa wiki ya kwanza awe msichana, na msemaji wa kwanza wa kila kundi awe msichana, mpaka ifike wakati hakuna anayeshangaa. Ukiacha tu mambo yaende yenyewe wavulana wanne watazungumza dakika arobaini na utarudi ofisini ukisema mjadala umefana.

Sheria zangu ni tatu na nimeziacha fupi. Ya kwanza, kidole kwanza. Anayesema kitu kuhusu habari aweke kidole kwenye mstari unaosema hivo, asome kwa sauti, ndo aendelee. Ukiwa hauna mstari sema haya ni maoni yangu, inaruhusiwa, lakini useme. Ya pili, kabla hujampinga mwenzako rudia alichosema kwa maneno yako mpaka yeye akubali ndivyo alivyosema. Ya tatu, mwalimu haulizwi nani yuko sawa. Wewe mwalimu keti chini, hasa keti, usisimame mbele, na kazi yako iwe kuuliza tu imeandikwa wapi?

Jambo la kujadili lazima liwe lina pande mbili za kweli. Mfano mzuri hapa kwetu ni ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, megawati 1,050. Wako waliousubiri kwa ajili ya kazi na wako walioupinga kwa ajili ya bahari, hewa na mji wetu ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Gawa darasa wapande pande zote mbili, alafu nusu ya kipindi wabadilishane, aliyetetea apinge. Mwisho waeleze kilichotokea, kwamba Juni 2019 Baraza la Mazingira, lile linaloskiza rufaa za mazingira, lilifuta leseni ya mradi, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waangalie ubaoni pale palipoandikwa nani hakuulizwa. Huhitaji kuongeza neno.

Kipindi ni dakika arobaini. Tano za kulifungua gazeti, kumi za maswali kwenye makundi, ishirini za mjadala, tano za kuandika sentensi mbili za kile ulichobadilisha mawazo au ulichothibitisha. Zikizidi kule kwenye mjadala ziibe kwenye makundi, usiziibe kwenye kuandika.

Hatua ya sita: habari nzito, na siasa

Hii usiipite haraka. Gazeti linakuja na damu pia. Kaunti yetu ina shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa, na darasani kwako unaweza kuwa na mtoto aliyempoteza baba pale na mtoto mwingine ambaye kakake alikamatwa kwenye misako iliyofuata, wamekaa dawati moja. Wenzetu wa Malindi wana Shakahola ya 2023, wale wafuasi wa mhubiri waliofunga mpaka kufa, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na kuna familia ambazo mpaka leo zinasubiri. Kwa hivo lisome gazeti zima usiku kabla hujalipeleka darasani, ukurasa kwa ukurasa, picha kwa picha. Karatasi yenye picha isiyofaa iache nyumbani, kundi hilo litumie ya wiki iliyopita.

Habari kama hiyo ikiingia, sema mapema kwamba hakuna anayelazimishwa kuongea na anayetaka kutoka nje atoke bila kuomba ruhusa. Usimgeukie mtoto kwa jina lake au kabila lake au dini yake ukamwambia nyinyi mnasemaje. Hakuna mtoto anayewakilisha watu wake darasani. Maswali matatu bado yanafanya kazi, tena hapo ndo yanafanya kazi zaidi, manake uvumi baada ya shambulio unaua kama shambulio lenyewe, na mtoto aliyezoea kuuliza kajuaje hasambazi meseji ya nani kafanya nini kabla hajajua.

Siasa ndo walimu wengi wanaiogopa, na uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia wataogopa zaidi. Mimi naona kuikwepa ni kuwaacha watoto wakajifunzie kwenye mikutano ya hadhara. Njia ni kujadili ahadi na kumuacha mtu. Chukua ahadi iliyo kwenye gazeti, funika jina la aliyeitoa kwa kipande cha karatasi, alafu uliza, hii kazi ni ya nani kwa Katiba ya 2010? Mtu akigombea ugavana akaahidi kuajiri walimu wa sekondari, watoto waende kwenye Jedwali la Nne la Katiba waone. Kaunti imepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, sekondari ni serikali kuu, na walimu wa skuli za umma wanaajiriwa na TSC, ile tume ya kuajiri walimu. Watoto wakishaona hivo wanaanza kuzipanga ahadi wenyewe, hii anaweza, hii hawezi, hii anaweza lakini pesa itoke wapi. Jina lifunuliwe mwisho kabisa, au lisifunuliwe.

Hatua ya saba: ukurasa bandia

Mnajua zile picha za ukurasa wa mbele wa gazeti zinazozunguka kwenye simu, zina nembo kabisa na kichwa cha habari cha kushtua, kumbe hakuna gazeti lililochapisha hivo. Magazeti makubwa ya hapa yamelazimika kukanusha kurasa kama hizo mara nyingi. Tafuta moja ambayo gazeti lenyewe limeikanusha, ichapishe, iweke kando ya ukurasa halisi, na uwaachie watoto bila kuwaambia ipi ni ipi. Watatazama herufi za kichwa kama ni zile zile, tarehe kama inalingana na siku ya wiki, jina la ripota kama lipo, bei, ukurasa unaosema habari inaendelea kama kweli unayo hiyo habari. Mtoto aliyeshika gazeti la karatasi kwa muhula mzima anaiona bandia kwa haraka, aliyeona magazeti kwenye simu tu inamchukua muda. Waonyeshe pia kwamba kuna watu kazi yao ni kuhakiki habari, kama PesaCheck, na baadhi ya uhakiki wao wanauandika kwa Kiswahili.

Hatua ya nane: waandike

Mwisho wa muhula darasa liandike barua kwa mhariri. Wale wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wanaihitaji hata hivo, karatasi ya Insha inaweza kuleta barua kwa mhariri, tahariri, ripoti au mahojiano, na karatasi ya Lugha ina isimujamii alama kumi ambapo sajili, yaani mtindo wa lugha, ya magazeti au ya michezo inaweza kuja. Mtoto aliyesoma tahariri za kweli haambiwi muundo wake, anaujua. Lakini mimi siwaandikishi kwa ajili ya mtihani. Pwani hii watu wake walianza kuandika magazeti zamani. Standard yenyewe ilianzia Mombasa mwaka 1902, ilianzishwa na mfanyabiashara Jeevanjee. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadae alikuwa Kadhi Mkuu, mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anatoa Sahifa na kisha Al-Islah pale pale Mombasa, anawaandikia watu wake kwa Kiswahili mambo ya elimu, dini na hali zao. Watoto wa Amu wakilijua hilo wanakaa wima. Wanaona kuandika kwenye gazeti ni kazi ya watu kama wao.

Barua iwe fupi. Jambo moja tu, mahali panapojulikana, na kitu unachotaka kifanyike na nani akifanye. Gati la boti lina ngazi imevunjika na wazee wanashuka kwa taabu, kaunti irekebishe, hiyo ni barua. Vijana wapewe kipaumbele, hiyo bado haijawa barua. Namba zote zihakikiwe mara mbili na mwenzake aliye kundi jingine, na yale maswali matatu sasa mwandishi ajiulize mwenyewe, nani kasema, najuaje, nani sijamuuliza. Kama barua inalalamikia ofisi fulani, mtoto aende kwanza kuuliza upande wao wanasemaje, akiwa na mwalimu au mzazi. Jina la mtoto litumwe kwa idhini ya mzazi, na kwa watoto wadogo tumia jina la darasa na skuli badala ya jina lake.

Darasa lichague tano, zichapwe vizuri, zitumwe kwa barua pepe ya gazeti, anwani huwa imeandikwa kwenye ukurasa ule ule wa barua. Muwe na subira, mhariri anapata nyingi na akiichapisha ataipunguza, kwa hivo waambie watoto mapema kwamba kukatwa ni kawaida, na ikitoka linganisheni iliyotumwa na iliyotoka mstari kwa mstari mjue kilichotolewa ni nini na kwa nini. Zile hazikutoka, na zile hazikutumwa, bandikeni zote nje ya darasa kwenye ukuta ambapo skuli nzima inapita, kwa chini acheni karatasi tupu na kalamu iliyofungwa kamba, na mwenye maoni tofauti ajibu kwa maandishi na jina lake. Wiki inayofuata anzeni kipindi na hayo majibu kabla hamjafungua gazeti jipya.